Utungo Mmoja, Rekodi Nyingi: Uhakiki wa "In C" ya Terry Riley

Mhakiki wa kitabu ana bahati moja. Nakala aliyo nayo mkononi ndiyo ile ile waliyo nayo wasomaji wenzake, na endapo patatokea ubishi juu ya neno fulani, ukurasa hufunguliwa na ubishi ukaisha. Mhakiki wa muziki hana bahati hiyo. Utungo ulioandikwa karatasini haujawa muziki mpaka wapatikane watu wa kuupiga. Na wakisha kuupiga mara mbili, tayari kuna vitu viwili vya kuhakikiwa. Kipi kati ya hivyo viwili ndicho utungo wenyewe? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuulinganisha utungo mmoja wa Kimarekani katika rekodi zake mbalimbali, kisha tuone jibu hilo linatufundisha nini sisi tunaozihifadhi ngoma zetu katika kanda.

Utungo huo unaitwa "In C", yaani "Katika C". Uliandikwa mwaka 1964 na Terry Riley, mzaliwa wa California, na ukapigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini San Francisco mwezi Novemba mwaka huo huo. Wataalamu huuhesabu kuwa miongoni mwa tungo za mwanzo za mtindo wa minimalisimu, yaani muziki unaojengwa kwa vitu vichache vinavyorudiwarudiwa na kubadilika polepole. Utungo mzima waenea katika ukurasa mmoja tu. Ndani yake mna vifungu vifupi 53, vingine vyenye noti moja au mbili, kirefu kuliko vyote kikiwa kile cha 35. Idadi ya wapigaji haikuwekwa, wala aina ya ala haikutajwa.

Masharti yake ni machache na yaeleweka na mtu yeyote. Kila mpigaji huanza na kifungu cha kwanza na kufuata mpangilio hadi cha mwisho, ila hukirudia kila kifungu mara nyingi kadiri apendavyo kabla ya kuhamia kinachofuata. Hata hivyo, hatakiwi kuwaacha wenziwe mbali, wala kuachwa nao, kwa zaidi ya vifungu viwili au vitatu. Anashauriwa anyamaze mara kwa mara ili asikilize. Afikapo kifungu cha 53 hukaa hapo na kuwangoja wote wafike. Ili wasipoteane, kwa kawaida mmoja wao hugonga noti ya C, ile ambayo wanakwaya wetu wangeiita do, bila kukoma tangu mwanzo hadi mwisho. Inasimuliwa kwamba shauri hilo la pigo lilitolewa na Steve Reich, mtunzi mwingine mashuhuri, ambaye alikuwa mmoja wa wapigaji wa mwaka 1964.

Msomaji aweza kuuliza: marudio hayo yana maana gani? Hapana budi tukumbuke yalikotoka. Mwaka 1963 Riley alikuwa Paris, akifanya kazi na kundi la mpiga tarumbeta Chet Baker, na huko alitumia kanda za kurekodia sauti zilizounganishwa ncha kwa ncha ili zizunguke na kurudia maneno yale yale. Mwaka uliofuata aliwapa watu kazi iliyokuwa ikifanywa na kanda. Hapo ndipo tunapoiona thamani ya utungo huu. Mashine hurudia kwa sababu haina hiari. Mtu hurudia kwa sababu amesikia kuwa wakati wa kuhama haujafika. Kwa hiyo sheria kuu ya "In C" ni kusikilizana. Noti ni rahisi. Mwanafunzi wa muziki wa mwaka wa pili aweza kuzipiga nyingi kati yake. Kilicho kigumu ni kuamua lini uende na lini ungoje, huku wenzako nao wakiamua hayo hayo. Sisi tunapendekeza kila rekodi ipimwe kwa mizani hiyo: je, tunawasikia watu wakisikilizana?

Tuanze na rekodi ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1968. Wapigaji walikuwa 11, wengi wao kutoka kituo cha sanaa katika chuo kikuu mjini Buffalo, na Riley mwenyewe akipiga saksafoni. Rekodi hii ina dakika 42 hivi, na ndiyo iliyoutangaza utungo huu duniani. Pigo la piano ni kali na angavu kama nyundo juu ya chuma. Filimbi, klarineti, tarumbeta na viola huingia na kutoka juu yake kwa wepesi unaosisimua. Hadi leo wasikilizaji wengi huamini kuwa huyu ndiye "In C" halisi, na kwamba wengine wote ni waigaji. Hoja yao ina nguvu: mtunzi alikuwemo. Nani atajua nia ya utungo kuliko aliyeutunga?

Walakini, sikio likitulia hugundua jambo. Wapigaji 11 hawawezi kutoa unene wa sauti tunaousikia humo. Siri yake ni kwamba baada ya kurekodi mara ya kwanza, kundi lile lile lilipiga tena juu ya kanda ile ile, ili watu wachache wasikike kama wengi. Sasa tutafakari. Wapigaji waliokuwa wakiongeza sauti waliweza kuisikia kanda. Lakini kanda haikuweza kuwasikia wao. Kama walikawia, kanda haikuwangoja. Kama walipaza sauti, kanda haikupunguza yake. Usikivu ulikwenda upande mmoja tu. Tena, kwa kuwa upande mmoja wa santuri haukutosha, muziki ulikatwa katikati na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza santuri. Hivyo rekodi yenye mtunzi ndani yake ndiyo iliyoipinda sheria kuu ya mtunzi. Hatusemi haya ili kuidharau. Uzuri wake hauna shaka. Tunasema ili mwanafunzi aelewe kuwa kuwapo kwa mtunzi si hati ya kuthibitisha kila jambo.

Rekodi mbili zilizofuata zaonyesha jinsi utungo mmoja unavyoweza kuvutwa huku na huku. Mwaka 1989 ilitolewa rekodi ya Okestra ya Filamu ya Shanghai, ikitumia ala za jadi za Kichina, nayo yakamilika katika muda wa nusu saa hivi. Mwaka 1990 huko San Francisco kulifanyika tamasha la kuadhimisha miaka 25 ya utungo, na rekodi yake yachukua saa moja na robo. Vifungu ni vile vile 53 kwa 53, ila moja ni ndefu zaidi ya mara mbili ya nyingine. Wa Shanghai wanahama upesi, na utamu wao uko katika rangi za sauti zinazopishana kama vitambaa vya rangi dukani. Wa San Francisco wanakaa. Katikati ya safari kuna nyakati ambapo msikilizaji hudhani hakuna kinachobadilika, kisha hugundua ghafla kuwa kila kitu kimekwisha badilika. Kwa mfano, noti ya F iliyopandishwa nusu, ambayo haimo katika ngazi ya C, huanza kujitokeza kwenye kifungu cha 14. Katika rekodi fupi noti hiyo hupita kama mgeni njiani. Katika ile ndefu huingia nyumbani, hupewa kiti, na ndipo masikio yetu yanapohisi kuwa ile C tuliyoizoea imeanza kuyumba. Kwa mizani yetu, rekodi ya 1990 inaishinda ya Shanghai, kwani inampa msikilizaji nafasi ya kuyashuhudia maamuzi ya wapigaji.

Sasa tufike Afrika. Mwaka 2013 kikundi cha Africa Express, kilichowakusanya wanamuziki wa Ulaya na Afrika, kilirekodi "In C" mjini Bamako, na rekodi ikatolewa mwaka 2014, utungo ulipotimiza miaka 50. Kiongozi wa upigaji alikuwa Mjerumani André de Ridder. Waingereza Damon Albarn na Brian Eno walishiriki. Lakini uti wa mgongo ni wanamuziki wa Mali na ala zao: balafoni, ambayo ni jamaa ya marimba yenye vibuyu chini ya mbao zake. Kora yenye nyuzi 21. Ngoni, filimbi, sauti za waimbaji, na buyu kubwa lipigwalo kwa mikono. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliyoiteka kaskazini ya Mali yalipiga marufuku muziki huko. Watu kuketi pamoja Bamako na kupiga kwa dakika 40, mwaka mmoja tu baadaye, halikuwa jambo dogo.

Tunasikia nini? Kwanza, ala zenyewe zinaubadili utungo. Kifungu cha 6 ni noti moja ndefu ya C. Saksafoni huishikilia noti hiyo kadiri pumzi inavyoruhusu. Ubao wa balafoni hufa mara tu unapogongwa. Kwa hiyo mpigaji hana budi aigonge tena na tena, au aiache izimike na kuwaachia wenziwe nafasi. Pili, buyu huleta mapigo yasiyomo katika vifungu 53, na filimbi hupamba pale ambapo karatasi imekaa kimya. Wako watakaosema hayo ni makosa. Sisi twaona kuwa ni kusikiliza kwa namna ya watu waliolelewa katika muziki ambao fungu fupi ni mlango wa kuingilia, na kazi ya fundi ni kulijibu. Hata hivyo hatutaisifu rekodi hii bila kipimo. Utungo wa Riley haumwambii msikilizaji pigo la kwanza liko wapi. Kila mmoja hujitafutia. Buyu linapokolea, mguu wetu hupata pa kukanyaga, na ile raha ya kupotea kidogo hupungua. Kilichoongezwa kimekuja na gharama yake.

Hapa yafaa tutahadhari na makosa mawili. Kosa la kwanza ni la wale wasemao kuwa muziki huu wote umeibwa Afrika. Ni kweli kwamba Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, naye hakuficha deni hilo. Lakini "In C" ni ya 1964, na chimbuko lake tulilolieleza ni kanda za Paris. Kosa la pili ni la wale wanaosema kuwa Wamali waliupiga vizuri kwa sababu mdundo umo damuni mwao. Hiyo si sifa. Ni kunyima watu haki ya kazi yao. Mpiga balafoni amejifunza tangu utotoni, kama vile mpiga viola wa Buffalo alivyojifunza. Tuusifu ujuzi wao kama ujuzi.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Kila rekodi tuliyoitaja imeivuta ngozi upande wake: Columbia kwenye mng'aro, Shanghai kwenye rangi, San Francisco kwenye subira, Bamako kwenye mjibizano. Tukiulizwa ipi tungemwekea mwanafunzi kwanza, tungesema ya Bamako, kwa kuwa humo maamuzi ya mtu mmoja kumjibu mwingine yasikika waziwazi. Lakini tungeongeza papo hapo ya 1990, ili ajue ni kitu gani buyu limekifunika. Na swali letu la mwanzo twaweza kulijibu sasa: utungo wenyewe haumo katika rekodi yoyote peke yake. Umo katika masharti ya kusikilizana, na kila rekodi ni ushuhuda mmoja juu yake.

Jambo hili latuhusu sana. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi muziki wa dansi, taarabu na ngoma za makabila, na kanda zile ni hazina ya taifa. Lakini ngoma iliyorekodiwa siku moja, na kundi moja, katika dakika chache zilizoruhusiwa, ikichezwa shuleni mara nyingi, huanza kuchukuliwa kuwa ndiyo ngoma yenyewe. Vijana huiiga hadi kikohozi cha mwimbaji. Mzee wa kijijini akiipiga kwa namna nyingine, huambiwa amekosea! Hapo hifadhi imegeuka pingu. Kanda ni shahidi. Nayo mahakama yenye busara haihukumu kwa shahidi mmoja ikiwa wengine wangali hai.

Tunawashauri walimu wafanye zoezi moja darasani, ambalo halihitaji piano wala fedha. Andika ubaoni vifungu vitano vifupi vya makofi. Mwanafunzi mmoja agonge dawati kwa pigo lisilobadilika, na waliobaki wavipige vifungu kwa masharti tuliyoyaeleza. Fanyeni mara mbili, kisha waandike insha: zilitofautiana wapi, na nani alimngoja nani? Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo la mwisho atakuwa ameanza kuwa mhakiki. Na akienda likizo akakuta ngoma inapigwa kwao, atajua kusimama kando kwanza, akasikiliza, kabla ya kusema ipi ni sahihi.