Ngazi ya Nne: Sierra Leone ya Mazoezi na Likoni ya Kweli

Wengi wanaojifunza DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za Kenya, huanzia kituo cha afya cha Ngelehun, himaya ya chifu ya Badjia, wilaya ya Bo, Sierra Leone. Chuo Kikuu cha Oslo, kilichouunda mfumo huo, hutoa hifadhidata ya mfano yenye umbo la nchi hiyo. Takwimu zake ni za mazoezi tu. Ukivuruga kitu kwenye seva ya majaribio ya umma, usiku hurudishwa kama kilivyokuwa, na anayetaka kujaribu toleo jipya hupakua faili na kuirejesha katika PostgreSQL kwenye kompyuta yake.

Nguvu ya mfano huu ni kwamba haukusafishwa kupita kiasi. Una ripoti za miezi mingi, na baadhi ya vituo vina mapengo. Chati mpya ikisomeka hapo, ina dalili ya kuhimili takwimu za Kisauni, Mombasa.

Kenya ilipoanza kutumia DHIS2 mwaka 2011, majaribio yalifanyika Pwani, kwa seva moja ya kitaifa iliyofikiwa kwa modemu za simu. Mpangilio wetu wa leo unatofautiana na ule wa mfano, na hapa ndipo watu hukosea. Sierra Leone ina ngazi nne: taifa, wilaya, himaya ya chifu, kituo. Kwetu wadi imeingia katikati: taifa, kaunti, kaunti ndogo, wadi, kituo. Ripoti iliyoundwa kwa mfano ikiomba “ngazi ya nne” huleta vituo. Ikihamishiwa Mombasa huleta wadi. Takwimu za kituo cha Mrima, Likoni, humezwa ndani ya jumla ya wadi, na mfumo hauoneshi kosa lolote, kwa sababu kwake hakuna kosa.

Kunakili hifadhidata halisi kungeondoa tatizo hilo. Lakini DHIS2 hufuatilia pia mgonjwa mmoja mmoja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Kompyuta ya mazoezi si mahali pake.

Naona njia bora ni kubakiza mti wa vituo vya Mombasa na fomu kama MOH 711 ya afya ya uzazi, kufuta takwimu zote, kisha kujaza za kubuni zenye kasoro za makusudi: mwezi usioripotiwa, sifuri iliyoachwa wazi, tarakimu iliyoongezwa. Na pacha wawemo. Mtu akiweka kanuni ya uhakiki kwamba watoto waliozaliwa hai wasizidi idadi ya akina mama waliojifungua, mfano usio na pacha utaipitisha bila swali, na kanuni hiyo itakataa ripoti sahihi siku ya kwanza pacha wakizaliwa katika hospitali ya Port Reitz.