Gitaa Nyuma ya Maporomoko

Mcharaza gitaa hodari akiambiwa apige kama mtu ambaye hajawahi kulishika gitaa, amepewa mtihani mgumu. Akizidisha makosa, msikilizaji atajua anaigiza. Akiyapunguza, vidole vitamsaliti. Alex Lifeson aliushinda mtihani huo mwaka 1976, katika albamu ya 2112 ya bendi ya roki ya Rush, kutoka Toronto, Kanada.

Upande mzima wa kwanza wa santuri hiyo ni kisa kimoja chenye sehemu saba, cha dakika 20 na ushei. Ni mwaka 2112. Sayari zimo chini ya Shirikisho la Jua, na makuhani wa Mahekalu ya Syrinx ndio wanaoamua watu wasome nini, waimbe nini na watazame picha gani. Mtu mmoja anaingia pangoni nyuma ya maporomoko ya maji, anakuta kitu chenye nyuzi. Hakijui jina wala kazi yake.

Sikiliza linalofuata. Maji yanatiririka. Uzi mmoja unadonolewa, kisha mwingine. Haujakaa sawa, unakazwa taratibu mpaka unakubaliana na mwenzake. Zinachomoza zile sauti nyembamba za uzi ulioguswa bila kubanwa. Halafu nyuzi kadhaa zinalia pamoja, mkono unapata ujasiri, na mara wimbo umeshaanza. Hukusimuliwa kwamba mtu huyu anajifunza, umemsikia akijifunza.

Lifeson huyohuyo, dakika chache nyuma, alikuwa akingurumisha gitaa la umeme katika ufunguzi, hata akachomeka humo kipande cha muziki wa Tchaikovsky uitwao 1812. Kwa hiyo si kwamba hawezi. Ameziweka kando mbwembwe zote alizonazo ili hadithi ipate nafasi, na wapiga magitaa wenye mikono mepesi kama yake huona taabu sana kufanya hivyo.

Geddy Lee, mpiga besi na mwimbaji, ana koo moja ila anaimba watu wa aina mbili. Makuhani anawaimba kwa sauti kali ya juu kabisa, karibu na kupiga mayowe. Mgunduzi anamwimba kwa upole. Wanapokutana hekaluni, sauti hizo zinapokezana na muziki unageuka nazo: nyuzi tulivu, kisha radi ya ngoma za Neil Peart, tulivu tena, radi tena. Hata asiyeelewa Kiingereza atajua nani ana mamlaka na nani anaomba. Mwisho kuhani anakikanyagakanyaga kile chombo mpaka kinakuwa vibanzi.

Maneno yaliandikwa na Peart mwenyewe, ambaye hakuficha deni lake kwa Anthem, riwaya fupi ya Ayn Rand. Lakini hasira iliyomo haikuazimwa. Albamu yao ya 1975, Caress of Steel, ilikuwa imeuzika vibaya, na kampuni iliyowarekodi ilitaka nyimbo fupi za kupigwa redioni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: vijana hao watatu wakarudi studio na kisa kingine kirefu, wakiwa radhi kuanguka kwa jambo waliloliamini. Marekani peke yake, albamu hiyo imepita nakala milioni 3.

Upande wa pili una nyimbo tano zisizohusiana na kisa hicho. Ni nzuri, lakini fundi hapimwi kwa hizo.

Ukiipata, keti na uanzie mwanzo kabisa wa upande wa kwanza. Ukifika sehemu ya tatu, usiiruke ukidhani mpiga gitaa bado anajiandaa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.