Mfuniko Haujifungi: Uchunguzi Kabla ya Kununua Kitasa

Mashine ya kufulia ikigoma kukamua kwa sababu mfuniko haujifungi, mwenye nyumba huishia kulipa mara mbili. Nguo zimelowa, taa ya kitasa inawaka na kuzimika, mashine imesimama. Fundi anaitwa, anatamka kwamba kitasa kimekufa, kinanunuliwa kingine na kufungwa. Baada ya siku chache hitilafu iko palepale. Wakati mwingine hata siku haziishi: kitasa kipya kinagoma mbele ya fundi mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba kitasa cha mashine ya kufulia kina kazi mbili, si moja. Kwanza, kinaushika mfuniko usifunguke. Pili, kinaiarifu bodi ya umeme kwamba mfuniko umeshikwa. Ni sawa na mlinzi aliyeagizwa kufunga geti na kupiga simu ofisini kusema amefunga; akifunga asipige simu, ofisini watadhani geti liko wazi. Bodi haioni mfuniko. Inachojua ni taarifa inayoletwa na waya, na isipoipata haitazungusha pipa hata kama mfuniko umebanwa sawasawa. Anayetengeneza bila kujua ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyoshindikana anabahatisha kwa fedha za mwenzake.

Ukali huo wa bodi una sababu. Mashine nyingi za mlango wa mbele hukamua kwa mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Chukua pipa ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 25, likizunguka mara 1,200 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 31 kwa sekunde, yaani kilomita 113 kwa saa. Mashine ya mfuniko wa juu hukamua polepole zaidi, lakini hata kwa mizunguko 700 pipa la ukubwa huohuo linafikia kilomita 66 kwa saa. Shuka iliyojisokota kwenye kiganja kwa mwendo huo haimpi mtu nafasi ya kuvuta mkono.

Namna ya kufunga hutofautiana. Katika mashine nyingi za mlango wa mbele, ndani ya kitasa kuna kipande kidogo cha kauri kinachopata joto umeme ukipita. Joto hilo linapinda bamba la metali mbili zilizoshikanishwa, na bamba likipinda linasukuma pini inayozuia mlango, papo hapo likiunganisha njia ya umeme wa mota. Ndiyo maana kitasa cha aina hiyo huchukua sekunde kadhaa kufunga, na dakika moja au mbili kufungua baada ya kufua: bamba lazima lipoe kwanza. Watu wengi huvuta mlango kwa nguvu katika dakika hizo wakidhani umekwama, na mpini unavunjika bure. Katika mashine za mfuniko wa juu, mara nyingi kazi hufanywa na koili inayovuta ulimi wa kitasa kwa sumaku ya umeme. Hiyo hufunga mara moja, na unasikia mlio wake.

Mlio huo ndio kipimo cha kwanza, na hauhitaji kifaa chochote. Nitaeleza kwa mashine moja ya mfuniko wa juu, katika nyumba iliyo jirani na bahari huko Kigamboni. Ilijaza maji, ikafua, ikamwaga maji machafu, na ilipofika kwenye kukamua ikasimama. Kitasa kilikuwa kimeshabadilishwa, na kipya kilifanya yaleyale ya kile cha zamani. Nilipokaa kimya kando yake ikajaribu tena, ilisikika “ka!”, kikafuata kimya kifupi, kisha “ka!” nyingine, mara kadhaa, halafu taa ikaanza kuwaka na kuzimika. Wakati wa mlio nilijaribu kuinua mfuniko. Ulikuwa umeshikwa barabara.

Hapo nusu ya uchunguzi ilikuwa imekwisha na hakuna skrubu iliyofunguliwa. Ulimi unatoka, kwa hiyo koili ni nzima na umeme unaifikia. Mfuniko unashikwa, kwa hiyo ndoano yake inaingia tunduni vizuri. Kazi ya kwanza inafanyika. Kilichokosekana ni taarifa.

Plagi ikachomolewa, tukasubiri dakika kadhaa kwa sababu bodi huhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa, kisha sehemu ya juu ya mashine ikainuliwa. Kipimo cha kwanza kwa mita kilifanyika kwenye kitasa chenyewe: ulimi ukisukumwa kwa kidole, swichi ya taarifa iliungana na mita ikasoma karibu na sifuri, kama inavyotakiwa. Kipimo cha pili, ulimi ukiwa bado umesukumwa, kilifanyika kwenye waya za swichi hiyo, lakini upande wa pili, pale zinapochomekwa kwenye bodi. Mita haikusoma kitu. Kitasa kinazungumza, bodi haisikii, na katikati yao kuna waya tu.

Mita ikiwa bado imeshikizwa, waya zilitikiswa taratibu kutoka kwenye kitasa kuelekea nyuma. Palipofikiwa mahali zinapokunja kona juu ya ukingo wa bati, namba ikaanza kuja na kupotea. Ganda la waya mmoja lilikuwa limesuguliwa na bati hadi likapasuka, unyevu wa chumvi ukaingia, na nyuzi za shaba zikageuka kijani na kukatika moja baada ya nyingine. Waya ulikatwa hadi palipoonekana shaba inayong’aa, ukaungwa kwa kuchomelewa risasi, ukavikwa mpira unaosinyaa kwa joto, na fungu zima likafungwa mbali na ukingo ule. Kisha mashine ikajaribiwa ikiwa na nguo zilizolowa, mzunguko mzima hadi mwisho, maana waya uliokatika ndani ya ganda unaweza kufanya kazi mashine ikiwa imetulia na kukataa inapotikisika.

Mlio usiposikika kabisa, njia ni nyingine. Anza na vinavyoonekana. Ndoano ya plastiki iliyo chini ya mfuniko huvunjika ncha au kupinda. Sabuni ya unga iliyochanganyika na nyuzi za nguo huganda ndani ya tundu, na ulimi ukakosa nafasi ya kupita. Kitambaa chenye maji ya moto na mswaki wa zamani huimaliza shida hiyo. Bawaba zikilegea, mfuniko huhama milimita chache na ndoano ikagonga pembeni mwa tundu. Weka pima maji juu ya mashine, kwa kuwa mashine iliyosimama kwenye sakafu isiyo sawa hujipinda mwili na kuhamisha vipimo vya mfuniko. Jaribu pia kuubonyeza mfuniko kwa kiganja wakati mashine inajaribu kufunga: ikikubali, tatizo liko kwenye mpangilio wa vyuma na plastiki, na hakuna sababu ya kugusa umeme.

Hayo yote yakiwa sawa, pima koili au kipande cha kauri, plagi ikiwa nje. Kauri nzima ikiwa baridi mara nyingi husoma omu mia kadhaa hadi elfu moja na kitu. Isiposoma chochote, basi kweli kitasa kimekufa na kibadilishwe. Ikisoma vizuri, chunguza kama bodi inatuma umeme.

Usisahau umeme wa nyumbani. Koili inayolishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani huvuta kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa volti. Mtaa unaotakiwa kupata volti 230 ukipata 160, nguvu ya kuvuta inashuka chini ya nusu, na ulimi mzima kabisa unaweza kushindwa kutoka. Mashine inayogoma saa za jioni, taa za nyumba zikiwa hafifu, na kukubali usiku wa manane, inadai stebilaiza, haidai kitasa.

Alama zinazoonekana kwenye kioo husaidia, ila zisomwe kwa makini. LG huandika dE kwa hitilafu ya mlango. Mashine nyingi za Whirlpool hutenganisha mambo: F5 E2 ni mfuniko ulioshindwa kujifunga, F5 E3 ni ulioshindwa kufunguka. Alama hizo zinataja kazi iliyoshindikana, hazitaji kifaa cha kununua. Waya uliokatika kule Kigamboni na kitasa kilichoungua vingeweza kuwasha alama moja.

Lipo pia suluhisho la haraka ambalo mafundi wengine hulitoa: kuziunganisha waya za taarifa moja kwa moja, ili bodi iamini kwamba mfuniko umefungwa wakati wote. Mashine itakamua siku hiyohiyo na mteja atafurahi. Ninalipinga kwa nguvu zote. Anayefanya hivyo ameiacha hitilafu ilivyo na kuifundisha mashine kusema uongo kuhusu kitu pekee kinachowatenga watoto wa nyumba ile na pipa linalokwenda kilomita 66 kwa saa. Nyumba nyingi za kwetu mashine hukaa uani au barazani, mahali ambapo kila mtoto anapita. Fundi anayejua kupima waya hana haja ya njia hiyo, na asiyejua kupima hapaswi kuachiwa kazi hii.

Kwa hiyo mwenye mashine, hata kama hujawahi kushika mita, una uwezo wa kuidai kazi nzuri. Fundi akikuambia kitasa kimeharibika, muulize kabla ya kutoa fedha: kimeshindwa kufunga, au kimeshindwa kutoa taarifa, na umelijuaje hilo? Aliyesikiliza mlio, akapima pande zote mbili za waya na kuangalia volti, atakujibu kwa maneno machache na kukuonyesha kwenye mita. Akikosa jibu, usinunue kitasa. Mwambie apime kwanza.