Mhadhara kwa Kiingereza, Swali kwa Kiswahili

Wenzangu wengi wanaoandika, ukiwatajia tu vituo vya utamaduni vya Wamarekani, wanarukia neno moja: ujasusi. Na sababu wanayo. Mkutano wa waandishi wa Makerere wa Juni 1962, pamoja na Chemchemi, kituo alichokianzisha Ezekiel Mphahlele mjini Nairobi mwaka 1963, vyote vilipata fedha za jumuiya iliyoitwa Congress for Cultural Freedom, yenye makao Paris. Kufikia 1967 dunia nzima ilikuwa imejua kwamba nyuma ya jumuiya hiyo palikuwa na fedha za CIA.

Sawa. Lawama hiyo ni ya kweli, ila mimi naiona nyepesi. Fedha zilifichwa, lakini jambo lililotugusa zaidi sisi watu wa Kiswahili halikufichwa hata kidogo. Lilikuwa kwenye jina la mkutano wenyewe, kwamba ni mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Hebu tazama. Chinua Achebe alikuwapo, Wole Soyinka alikuwapo, hata Langston Hughes alitoka Marekani akaja Kampala. Shaaban Robert, aliyekwisha kutupa Kusadikika na Adili na Nduguze, hakuwa na sifa ya kuingia, maana hakuandika kwa lugha iliyotakiwa. Alikuwa hai, na wala hakuwa mbali, alikuwa hukuhuku Tanganyika. Akafariki mwezi uleule wa Juni 1962. Na Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa tayari na riwaya yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960. Ngugi wa Thiong'o, ambaye yeye mwenyewe alialikwa akiwa mwanafunzi tu mwenye hadithi chache, ndiye aliyekuja kulisema jambo hili la Shaaban Robert waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind.

Lakini tusiwe wachoyo wa haki. Ngugi huyohuyo alikwenda pale na mswada chini ya kwapa, akampa Achebe ausome. Mswada ule ukawa Weep Not, Child, ukachapishwa mwaka 1964. Angalia, bwana: faida yenyewe haikutoka jukwaani. Ilitokana na kijana kukutana na mwandishi aliyemtangulia, akamtwisha karatasi zake. Ukiniuliza mikusanyiko ya namna hii ina kazi gani, nitakwambia ni hiyo.

Sasa hii mihadhara ya siku zetu. Lile shirika la habari la Marekani lililofunguliwa 1953, ambalo wazee wetu mjini walilijua kwa jina la USIS na kwa maktaba zake, lilivunjwa mwaka 1999 na kazi zake zikahamia wizarani kwao. Kabla ya hapo, tarehe 7 Agosti 1998, balozi zao za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa zimelipuliwa, na milango haikuwa tena milango ya kupita njia ukaingia kusoma gazeti. Sehemu nyingi unajiandikisha kabla, unapekuliwa, simu unaiacha getini. Hilo mimi silinung'unikii. Walikufa watu, na wengi wao walikuwa ndugu zetu.

Ninalonung'unikia ni la ndani. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nilihudhuria mhadhara juu ya Toni Morrison, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mhadhiri alikuwa mzuri, nasema kweli. Alitueleza vizuri sana namna mama yule alivyoyachukua mazungumzo ya jikoni na ya kibarazani ya watu weusi akayaingiza kwenye riwaya bila kuyapiga pasi. Mimi nimeishia kidato cha nne; nilifuata sehemu kubwa, pengine robo ikanipita. Muda wa maswali, dakika kumi, nikasimama nikauliza kwa Kiswahili: je, wahariri walimtaka asafishe maneno ya wahusika wake, na kama walimtaka, aliwajibu nini? Nilikuwa na sababu. Riwaya yangu ina kondakta wa daladala, na kila anayeisoma ananiambia huyu mtu aongee Kiswahili sanifu. Jamani, kondakta wa wapi huyo?

Msimamizi, kijana mwenzetu wa hapahapa mjini, akanitafsiria kwa sentensi moja: kwamba kaka huyu anauliza kuhusu lugha. Mhadhiri akatabasamu, akajibu kwamba lugha ni muhimu sana. Makofi. Swali linalofuata.

Simlaumu mhadhiri, atajibu vipi swali ambalo hakulipata? Ila ona kichekesho: saa nzima tunasifu mwandishi aliyekataa kuomba radhi kwa usemi wa nyumbani kwao, kisha usemi wa nyumbani kwetu unapewa sekunde nne. Na waliofanya hivyo siyo Wamarekani. Ni sisi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa hapa, na hata mmoja hakunyanyua mkono kusema tafsiri ile imepungua.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga shughuli hizi si fedha wala chai, chai ipo na ni nzuri. Mhadhara uwe nusu saa, saa nzima iwe ya maswali, na mkalimani awe mtu anayesoma riwaya. Wageni wanaoandika wapewe kurasa chache za vijana wazisome kabla hawajaja, hata kama ni kwa tafsiri mbovu tuliyoifanya wenyewe usiku.

Mpaka hapo, wewe msomaji unayeandika, ukienda usiende mikono mitupu. Mimi sura ya tatu, ya yule kondakta, nimetoa nakala mbili. Moja ina tafsiri ya Kiingereza pembeni, kwa penseli.