Bati Halina Kosa

Bati likipigwa na jua la saa saba, aliye chini yake hulilaani. Tunaweka dari, tunafunga feni, na joto halihami. Glenn Murcutt, msanifu majengo wa Australia, amejengea nyumba za watu bati hilohilo la migongo kwa miongo kadhaa, na mwaka 2002 akatunukiwa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote katika fani yake.

Alizaliwa London mwaka 1936, lakini utoto wake wa mwanzo aliupitisha Papua New Guinea, katika nyumba ya bati iliyoinuliwa juu ya nguzo. Nadhani alianza kusomea usanifu hapo, kabla hata ya chuo cha Sydney. Tangu ajitegemee, amefanya kazi karibu peke yake, akichora kwa mkono. Wateja walisubiri zamu, wengine kwa miaka.

Tazama nyumba ya Marie Short, shambani karibu na Kempsey, iliyokamilika 1975. Ni mabanda mawili marefu, membamba, yaliyokaa sambamba na kuinuliwa kutoka ardhini. Wembamba huo si urembo: upepo ukiingia upande mmoja hutokea wa pili kabla haujakwama chumbani. Kuta za ubavuni zina tabaka tatu, yaani wavu wa wadudu, luva za vioo na luva za chuma za kukata jua, na mwenye nyumba huzifungua au kuzifunga kufuatana na saa na msimu. Ufundi hasa uko juu. Pale ambapo fundi wetu angepigilia kofia na kuziba kabisa, Murcutt alikunja bati likapita juu ya mgongo wa paa, akaacha mwanya chini yake. Hewa ya moto hupanda na kutoka, mvua haiingii.

Huko Yirrkala, kaskazini mwa Australia, kwenye joto la unyevu kama la pwani yetu, nyumba ya Marika-Alderton ya 1994 haina kioo hata kimoja. Kuta ni paneli za kufunguka, na paa lina mirija ya kupumulia ili kimbunga kisiling'oe. Ilikusudiwa iwe mfano wa makazi ya wenyeji wa asili, ila haikuigwa kwa wingi. Sishangai: vipande vyake viliundwa mbali kusini, vikasafirishwa maelfu ya kilomita. Mwanya wa Kempsey, kinyume chake, unadai bati kidogo la ziada na fundi atakayekubali kutopiga msumari mahali alipozoea.