Kasi ya Indianapolis Hupatikana Kwenye Kona

Tarehe 12 Mei 1996, dereva Mholanzi Arie Luyendyk alikamilisha mzunguko mmoja wa uwanja wa Indianapolis, Marekani, kwa sekunde 37.895. Huo ni wastani wa kilomita 382.2 kwa saa, au maili 237.498 kama Wamarekani wenyewe wanavyohesabu. Mizunguko yake minne ya mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia mbio za maili 500 ilichukua dakika 2 na sekunde 31.908, wastani wa maili 236.986. Rekodi zote mbili bado zinasimama. Mwaka 2024 Scott McLaughlin alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa maili 234.220, kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kutoa nafasi hiyo, lakini alibaki nyuma ya Luyendyk kwa karibu maili tatu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mepesi: magari ya 1996 yalikuwa na injini za tabo (turbo) zenye nguvu nyingi, ya leo yana nguvu kidogo, hesabu imekwisha. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila yanaanzia mahali pasipofaa. Historia ya uwanja huu inaonyesha kwamba kasi imekuwa ikipatikana kwenye kona, na kwamba kila mshiko wa kona ulipozidi, waandaaji waliingia kati na kuipunguza. Rekodi ya 1996 imedumu kwa sababu hiyo.

Tuanze na uwanja wenyewe. Ulijengwa mwaka 1909 na umbo lake halijabadilika: mstatili uliokatwa pembe, wenye urefu wa maili mbili na nusu, yaani kilomita 4.02. Una kona nne zinazofanana, kila moja ikiwa na mita 402 na mwinuko wa nyuzi 9 na dakika 12. Kati yake kuna nyoofu mbili ndefu za mita 1,006 hivi na mbili fupi za mita 201. Kwa hiyo katika kila mzunguko, asilimia 40 ya safari ni kona. Chukua gari la mfano linalopita kona kwa kilomita 320 kwa saa na nyoofu kwa 385. Litamaliza mzunguko kwa sekunde 40.68. Ongeza kilomita 15 kwenye nyoofu peke yake, utaokoa sekunde 0.85. Ongeza kilomita 15 hizo hizo kwenye kona peke yake, utaokoa sekunde 0.81. Faida zinakaribiana, ila gharama haziko sawa. Nguvu inayohitajika kuisukuma hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo kutoka 385 hadi 400 kunadai injini yenye nguvu zaidi kwa asilimia 12. Na hesabu hiyo bado inaipunja kona, kwa kuwa gari linalotoka konani likiwa na kasi kubwa huingia nayo kwenye nyoofu, na injini haina kazi ya kurudisha kilichopotea.

Ni nini basi kinachoruhusu gari kupita kona kwa kasi? Ni mshiko wa tairi kwenye lami, na mshiko huo hutegemea uzito unaoligandamiza tairi. Robo ya duara yenye urefu wa mita 402 ina nusu kipenyo cha mita 256. Tairi likiwa na mshiko unaolingana na uzito wa gari tu, basi kwa mwinuko wa Indianapolis gari litaweza kupita kona kwa kilomita 212 hivi kwa saa. Likizidisha hapo litateleza kuelekea ukutani. Dereva hupanua njia yake kwa kuanzia karibu na ukuta wa nje, kugusa ndani katikati ya kona, kisha kuliachia gari lirudi nje, na hivyo hujiongezea nafasi kidogo. Lakini kwa kilomita 370 kwa saa, nguvu ya kulivuta gari nje inafikia takriban mara nne ya uzito wake. Hakuna tairi linalobeba hilo kwa uzito wa gari peke yake. Lazima hewa iligandamize gari chini, kwa mabawa yaliyogeuzwa kichwa chini yakilinganishwa na ya ndege, au kwa mifereji ya uvunguni inayoiharakisha hewa na kulifyonza gari kuelekea ardhini.

Ushahidi wa kwanza uko katika miaka ambayo hewa ilikuwa bado haijatumiwa hivyo. Mwaka 1939 Jimmy Snyder alifanya mchujo kwa maili 130.138. Baada ya vita, mwaka 1946, Ralph Hepburn alikuja na Novi, gari lenye injini ya V8 inayotoa zaidi ya nguvu za farasi 500, mngurumo wake ukiwa gumzo la uwanja mzima. Aliweka rekodi mpya ya maili 133.944. Ilikuwa rekodi kweli, ila kwa nguvu zote zile nyongeza haikufika maili nne. Novi ziliendelea kuja kwa miaka mingi, zikaweka rekodi nyingine za mchujo, na hazikuwahi kushinda mbio za maili 500. Tuje karibu zaidi na wakati wetu. Mwaka 1968 Joe Leonard alipata nafasi ya kwanza kwa maili 171.559 akiendesha gari la injini ya tabini (turbine). Mwaka 1970 Al Unser aliipata kwa maili 170.221. Injini za tabo zilikuwa tayari zimeingia uwanjani, nguvu zinapanda, lakini kasi ikakwama palepale kwa miaka mitatu.

Kisha mkwamo ukavunjika ghafla. Mwaka 1971 McLaren walileta M16, gari lenye umbo la kabari na bawa la nyuma lililounganishwa na kifuniko cha injini, kwa kuwa kanuni zilitaka bawa liwe sehemu ya bodi. Peter Revson akafikia maili 178.696. Mwaka uliofuata kanuni zililegezwa, mabawa yakaruhusiwa kufungwa yakijitegemea, na Bobby Unser, ndani ya Eagle iliyotengenezwa na kampuni ya Dan Gurney, akafikia maili 195.940. Maili 17 ndani ya miezi 12: uwanja huo haujawahi kuona rukio kama hilo, kabla wala baada.

Msomaji makini atapinga hapa. Mwaka 1972 upepo wa tabo ulikuwa haujawekewa kikomo, mafundi wa injini za Offenhauser walikuwa wakiuongeza kila wiki, na huenda rukio lile lilitoka kwenye injini. Pingamizi hilo ni la haki, kwa sababu mabawa makubwa huzuia gari kwenye nyoofu, na bila nguvu ya ziada yasingeleta faida ile. Ili kutenganisha mambo hayo mawili tunahitaji kipindi ambacho nguvu ilipunguzwa huku mshiko ukiongezeka, na kipindi hicho kipo. Mwaka 1978 Tom Sneva alikuwa wa kwanza kupata wastani wa zaidi ya maili 200 kwa mizunguko minne, maili 202.156. Baada ya hapo waandaaji wakabana sana upepo wa tabo, na kufikia 1980 nafasi ya kwanza ilipatikana kwa maili 192.256. Aliyeipata ni Johnny Rutherford akiwa na Chaparral 2K, gari lililoleta mifereji ya uvunguni kwa ukamilifu wake, na siku ya mbio alishinda. Wengine wakaiga. Mwaka 1981 Bobby Unser akarudi hadi 200.546, na mwaka 1982 Rick Mears akafika 207.004. Injini zilikuwa zimebanwa, na bado rekodi ya Sneva ilipitwa kwa karibu maili tano. Kilichobadilika ni kilichokuwa kikitendeka chini ya gari konani.

Lami na tairi nazo zinasimulia habari hiyohiyo. Uwanja mzima uliwekwa lami mpya mwaka 1976, na Mei 1977 Sneva akawa wa kwanza kupita maili 200 kwa mzunguko mmoja wa mchujo, 200.535. Uliwekwa lami mpya tena baada ya mbio za 1995, na Mei iliyofuata Luyendyk akaweka rekodi tunayoizungumzia. Lami mpya haimwongezei mtu hata farasi mmoja. Inachoongeza ni mshiko. Kinyume chake kilionekana mwaka 1992. Roberto Guerrero alikuwa ameweka rekodi ya maili 232.482, lakini siku ya mbio ilikuwa baridi kali, na wakati akijaribu kupasha tairi joto kabla ya kuanza, gari lilimponyoka akagonga ukuta. Gari lenye kasi kuliko yote yaliyowahi kufuzu hadi siku hiyo halikuiona hata bendera ya kijani, kwa sababu tairi zake zilikuwa baridi.

Wako watakaosema kwamba namsahau dereva. Simsahau. Kukanyaga mafuta bila kuachia kwa dakika mbili na nusu, ukielekea ukutani mara 16, kunahitaji moyo ambao wachache wanao. Dereva pia hurekebisha gari akiwa ndani, akihamisha mizani kati ya mbele na nyuma kadiri tairi zinavyopata joto. Lakini dereva huyohuyo anatupatia kipimo kizuri. Luyendyk wa Mei 1996 alifanya maili 236.986, Luyendyk wa Mei 1997, akiwa na gari la kanuni mpya, alipata nafasi ya kwanza kwa maili 218.263. Ujasiri wake haukupungua maili 18 ndani ya mwaka mmoja. Wala uzito haukuwa siri ya rekodi yake: muda wake wa Jumamosi ulifutwa kwa sababu gari lilipungua uzito kwa takriban kilo tatu, naye akarudi Jumapili na gari lenye uzito halali akaenda kasi zaidi.

Hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoibuka. Kilichobadilika mwaka 1997 kilikuwa hasa injini, lita 4.0 bila tabo, na kasi ikaporomoka. Je, hilo halithibitishi kwamba injini ndiyo kila kitu? Linathibitisha kwamba injini ndiyo breki ambayo waandaaji huikanyaga kwa urahisi zaidi. Tazama kilichofuata. Mwaka 2003, injini zikiwa zimepunguzwa hadi lita 3.5 na bado bila tabo, Hélio Castroneves alipata nafasi ya kwanza kwa maili 231.725. Wahandisi walikuwa wamerudisha zaidi ya maili 13 kwa njia nyingine. Mwaka 2004 injini zikakatwa tena hadi lita 3.0, na nafasi ya kwanza ikapatikana kwa 222.024. Mtindo huo ni wa zamani: baada ya vifo vya madereva Art Pollard na Swede Savage mwaka 1973, mabawa yalipunguzwa na upepo wa tabo ukawekewa vali.

Sababu ya kukanyaga breki hiyo haihitaji maelezo marefu. Tarehe 17 Mei 1996, siku tano baada ya rekodi ya Luyendyk, Scott Brayton, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza katika mchujo wa Jumamosi, alifariki katika mazoezi baada ya tairi la nyuma la kulia kupoteza upepo. Gari linalobebwa konani na mara nne ya uzito wake linategemea tairi nne tu, na moja likishindwa hakuna cha kulishika.

Kwa hiyo anayeisubiri rekodi ya 1996 ivunjwe ili aamini kwamba mashine za leo ni bora anatumia kipimo kisichofaa. Namba ile inaonyesha kilichoruhusiwa mwaka mmoja, juu ya lami mpya, kabla kanuni hazijabadilika. Kipimo chenye haki zaidi ni mbio zenyewe: mwaka 2021 Castroneves alimaliza maili 500 kwa wastani wa maili 190.690 kwa saa, kasi kuliko mbio zote za Indianapolis zilizotangulia, zikiwemo zile ambazo Luyendyk mwenyewe alishinda mwaka 1990 kwa 185.981. Waandaaji wasishawishike kulegeza kanuni kwa ajili ya namba moja ya mchujo. Ikivunjwa kwa akili ya wahandisi ndani ya mipaka iliyopo, tutashangilia. Isipovunjwa, uwanja hautapungukiwa na kitu.