Mianya katika aya za Kiswahili

Tazama aya ya Kiswahili iliyonyooshwa pambizo zote mbili: mianya tele, utadhani meno ya mkongwe! Word hukata mstari mmoja mmoja bila kupima aya nzima. Neno refu kama 'hawakuyashughulikia' likikosa nafasi, husukumwa chini. TeX ya Donald Knuth hupima aya yote kwanza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Eti kubadilisha kutavuruga kurasa za hati za zamani. Sikubali. Toleo la 2013 lilibadilisha mpangilio, na bado hati kongwe hufunguka kwa mpangilio wake wa awali. Basi ukataji bora uwekwe kwa hati mpya, pamoja na kanuni za silabi zetu: ng'ombe hukatwa baada ya ng'o, si baada ya n.